Chupa Fupi kutoka Jura

Watu wa Guangzhou walimjua Ilunga kwa pua yake kabla hawajamjua kwa jina. Si kwamba ilikuwa kubwa. Ilikuwa pua ya kawaida ya mtu wa Lubumbashi, yenye matundu mawili kama zetu. Lakini jinsi alivyoibeba! Aliiinua juu kidogo, kama mtu anayepita kando ya jalala, na alipita hivyo kila mahali: kwenye masoko ya nguo ya Liuhua, ndani ya metro, hata kanisani Jumapili. Alisema pua ile imesomea Bordeaux, kule Ufaransa. Alisema huko kuna tajiri mmoja mwenye kasri na mashamba ya mizabibu yasiyoonekana mwisho, ambaye alitaka kuikatia bima, na siku Ilunga alipoaga, tajiri yule aliinama juu ya pipa akalia mpaka mvinyo wa mwaka ule ukatoka na chumvi.

Ukweli, kwa wanaoutaka, ni kwamba Ilunga alivuna zabibu Bordeaux misimu miwili alipokuwa mwanafunzi, mkasi mkononi na kikapu mgongoni, na msimu wa pili alipandishwa cheo akaosha mapipa. Kuna mengi ya kuokota katika kazi kama hiyo. Yeye aliokota dharau, kwa sababu ilikuwa nyepesi kubeba.

Alidharau bia, na kwa hiyo aliwadharau Wakenya. Alidharau pombe kali, na kwa hiyo akawadharau Wakongo wenzake waliokunywa konyaki kwa vikombe vya chai. Lakini dharau kubwa kabisa, ile ya sikukuu, aliwawekea matajiri wa Kichina. Miaka ile fedha ilikuwa imeingia mjini kama mafuriko, na kila aliyenyanyuka alijenga kabati la mvinyo wa Kifaransa sebuleni, refu kuliko kabati la nguo za mkewe. Mgeni akija, chupa inafunguliwa, nusu glasi inamiminwa, inajaziwa Sprite na barafu, mwenye nyumba anasema "ganbei", na wote wanaimaliza kwa mkupuo mmoja kama dawa ya minyoo.

"Ni kama kumvalisha askofu kaptura," Ilunga alikuwa akisema, na pua inapanda kidole kimoja zaidi.

Basi ukaja mwaka wa Olimpiki. Beijing walikuwa wanajiandaa kuikaribisha dunia, na ili waikaribishe vizuri wakaanza kuipunguza. Viza zilizokuwa zikiongezwa kwa tabasamu zikawa haziongezwi hata kwa machozi. Ya Ilunga ilikuwa ukingoni. Wenzake ambao zao ziliisha kabla yake walikwenda na masanduku yao uwanja wa ndege wa Baiyun, naye aliwasindikiza hadi mlangoni ili awacheke vizuri. "Nendeni mukauze maandazi," aliwaambia. "China si ya kila mutu." Sasa zamu ilikuwa inamfikia yeye, na kule Lubumbashi wale wale aliowacheka walikuwa wameshapata habari. Walikuwa wanamsubiri na meno nje, na mkewe Odette alimwambia kwa simu kwamba mmoja wao amenunua hata kiti kipya cha kukalia siku hiyo.

Aliyeweza kumwokoa alikuwa mtu mmoja tu: Laoban Ou. Laoban ni bosi kwa Kichina, na huyu Ou alikuwa bosi wa soli za viatu. Nusu ya Afrika Mashariki inatembea juu ya soli zake na haijui. Alikuwa amechoka kunuka mpira. Alitaka kuanza kuuza mvinyo wa Kifaransa. Habari hiyo ililetwa na Muthoni, mama wa Nairobi mwenye maduka mawili ya viatu kule kwao, ambaye alijifunza Kichina kwa kugombana bei na Ou miaka yote mpaka wakawa marafiki.

"Amesema hivi, Papa Ilunga," Muthoni alimwambia. "Mletee Mfaransa mwenye mvinyo ambao hakuna mtu hapa mjini anao. Bordeaux hataki, Bordeaux siku hizi hata kinyozi anayo. Huo mvinyo ukimpendeza, atakuandika kazi, mtaalamu wa mvinyo, na kibali cha kukaa anakutafutia yeye. Usipompendeza, hakujui na hujui kwake."

"Mutu wa soli njo atanipima miye?" aliuliza Ilunga, kwa Kiswahili cha kwao ambacho "ndiye" ni "njo".

"Mtu wa soli ana kibali cha kukupa. Wewe uko na nini? Uko na pua."

Ilunga akaenda Pazhou, kwenye kumbi zile kubwa za maonyesho. Pamoja na yote aliyoambiwa, miguu ilimpeleka kwanza kwa watu wa Bordeaux, kwa sababu moyo hauna adabu. Walikuwa na mazulia, maua, na wakalimani wao wa Kichina waliofunga skafu za hariri. Kijana mmoja wa Kifaransa alimtazama viatu, kisha akamwuliza kwa upole kama amekuja kuchukua maboksi matupu.

Mwisho wa ukumbi, karibu na vyoo, alimkuta mwanamke mmoja ameketi peke yake nyuma ya meza ndogo. Aliitwa Marlène. Alikuwa na mikono mipana ya kushikia jembe, sweta la sufu katika joto lile la Guangzhou, na sauti ya mtu aliyezoea kuita ng'ombe walio ng'ambo ya bonde. Hakujua lugha yoyote isipokuwa Kifaransa, na kwa siku nzima alikuwa hajapata mtu wa kumwelewa. Alitoka Jura.

Jura! Ilunga alijua mahali ilipo kama mtu wa mjini anavyojua mahali lilipo dampo. Ni milima kule mashariki, mpakani na Uswisi, nchi ya jibini na theluji, ambako mizabibu inapandwa kwa sababu mbuzi wamekataa kupanda mteremko. Lakini alisikiliza, maana viza ilikuwa inasikiliza pamoja naye.

Marlène aliinua chupa fupi, nene, yenye mabega kama ya mpagazi. "Huu ni mvinyo wa njano," alisema. "Nyumbani hatuna cha kujivunia kuliko huu. Tunautia kwenye pipa, na hatulijazi tena."

"Hamulijazi?"

"Kamwe. Pipa linanyonya, mvinyo unapungua, sisi tunatazama tu. Juu yake unaota utando wa hamira, kama malai juu ya maziwa. Utando ndio mlinzi. Ukiugusa, umeua. Miaka sita na miezi mitatu hatuugusi. Lita moja iliyoingia inatoka hivi." Akaigonga ile chupa. "Sentilita sitini na mbili. Ndiyo maana chupa yetu ni fupi."

"Na ile ingine imekwenda wapi?"

"Juu. Malaika nao wana koo."

Ilunga alitabasamu, na ndani ya tabasamu alitema mate. Bordeaux, pipa linajazwa tena na tena, hata tone halikosekani. Pipa lisilojazwa linaingia hewa, na hewa ikiingia umepata siki. Bwana wa ghala alimwambia wazi kwamba akisahau kujaza pipa atamkata sikio, na la pili atamwachia la kusikilizia matusi. Leo hapa kuna mtu mzima anajivunia uvivu wa miaka sita! Lakini mtu angefanya nini? Ukikosa titi la mama, hata la mbwa huamwa. Akamwalika chakula cha jioni na Laoban Ou siku iliyofuata, katika chumba cha faragha cha mkahawa mmoja mkubwa wa Kikantoni, hapo hapo Pazhou.

Marlène alikuwa ametoka kwao na chupa tatu za mvinyo wa njano. Moja ilivunjika njiani ndani ya sanduku, ikanukisha nguo zake zote. Moja iliisha kwenye maonyesho kwa watu walioonja na kuondoka. Ikabaki moja, na hiyo ndiyo aliyoileta mkahawani asubuhi ya siku ya karamu, akaifungua, akaiacha juu ya meza ya pembeni na kizibo chake kando, akarudi hotelini kupumzika. Kwao ndivyo inavyofanywa: mvinyo uliofungiwa miaka yote hiyo unapewa muda wa kuvuta pumzi, na hewa haiudhuru tena, kwa kuwa wameshazoeana.

Ilunga alifika alasiri kukagua chumba. Akaiona chupa wazi.

Akainamisha ile pua iliyosomea Bordeaux, akanusa, na kichwa kikarudi nyuma kama kimepigwa kofi. Kulikuwa na harufu ya jozi, ya maganda ya tufaha yaliyokauka, ya bizari, ya kabati la bibi ambalo halijafunguliwa tangu bibi afariki. Hakukuwa na tunda hata moja bichi humo.

"Umekufa," alisema kwa sauti. "Umekufa na umeshazikwa."

Akaona kila kitu kwa mpigo: Laoban Ou anaonja siki, anatema, anainuka, na Lubumbashi, mtu anakalia kiti kipya. Hapo akakumbuka chupa yake. Ilikuwa chupa ya mvinyo mweupe wa Bordeaux, zawadi aliyopewa na bwana wa ghala mwisho wa msimu wa pili. Ilikuwa imekaa miaka yote juu ya kabati katika chumba chake cha Guangzhou, kiangazi hadi kiangazi, chini ya bati lenye joto la kuchomea mkate, akiwaonyesha wageni bila kuwaruhusu kuigusa. Siku hiyo aliibeba kwenye mkoba ili bosi aione na kumheshimu. Aliitoa, akaitazama dhidi ya dirisha. Rangi ilikuwa imegeuka ya dhahabu, karibu sawa na ile ya Jura. Akasema Mungu si Mkenya.

Alichukua ile chupa fupi akaenda nayo jikoni. Mpishi alikuwa anakaanga vipande vya kuku na tangawizi na uyoga. Ilunga akamwonyesha chupa, akamwonyesha sufuria, akafanya ishara ya kumimina. Angeweza kuumwaga kwenye sinki, na mambo mengi yangenyamaza milele. Lakini dharau inapenda kutumika. Alijua Wachina wana pombe yao ya njano ya mchele wanayotia kwenye nyama, na siku zote aliiita maji ya kuoshea mbuzi. "Chukua," alimwambia mpishi kwa Kiswahili, akicheka. "Kilichoharibika kwetu njo kinawafaa ninyi."

Mpishi akanusa. Macho yakamng'aa. Akamwaga yote, mpaka tone la mwisho, akafunika kifuniko na kutia moto mdogo, kama mtu anayemfunika mtoto blanketi. Ilunga akasuuza chupa, akamimina Bordeaux yake ndani bila hata kuionja. Kuonja ni kwa wenye mashaka.

Jioni wakakaa wanne kwenye meza ya duara, yenye sinia ya kuzunguka katikati. Na hapa kuna jambo la kutazama. Marlène hakujua ila Kifaransa. Laoban Ou hakujua ila Kichina. Ilunga hakuwa na Kichina zaidi ya kile cha kuuliza bei na kukataliwa. Muthoni hakuwa na Kifaransa hata cha salamu. Kwa hiyo maneno ya Jura yalitoka kwa Marlène yakaingia kwa Ilunga, yakavaa Kiswahili, yakapita meza hadi kwa Muthoni, yakavua Kiswahili, yakafika kwa bosi yakiwa Kichina. Milima ya Ufaransa na viwanda vya Guangzhou vilikuwa vinaongea Kiswahili, na vyenyewe havina habari.

Marlène alianza kumimina mvinyo mwekundu. "Kwetu mwekundu unatangulia, mweupe unafuata," alieleza, "kwa kuwa mweupe wetu una nguvu zaidi."

Ilunga akamgeukia Muthoni. "Sema anaomba musamaha. Anaanza na mwekundu juu ni mutu wa milimani, hajafundishwa."

"Kweli amesema hivyo?" Muthoni aliuliza. "Mbona alikuwa anacheka?"

"Anacheka kwa haya. Tafsiri, mama."

Muthoni akatafsiri. Laoban Ou, mtu mfupi mwenye mashavu ya mtoto na macho ya mkaguzi, alitazama glasi yake. Mvinyo ulikuwa mwepesi wa rangi, unaona vidole vyako upande wa pili, kama juisi ya rozela iliyoongezwa maji. Akanywa. Akaitikia kwa kichwa taratibu. Hakuomba Sprite. Kwa Ilunga hiyo ilikuwa ni dalili ya ugonjwa.

Kisha Marlène akaishika chupa fupi kwa mikono miwili. Akasema maneno marefu, polepole, akitazama chupa zaidi ya watu. Ilunga akayafupisha: "Huu njo mwenyewe. Ni muzuri."

"Hayo yote, na umetoa maneno matano?" Muthoni alisema. "Buda, wewe ni mkalimani ama ni kichujio?"

"Kifaransa kina mapovu mingi. Miye natoa kinywaji."

Wakati ule ule mlango ukafunguliwa, na kuku akawekwa katikati ya meza, kifuniko kikainuliwa.

Marlène alikuwa ndiyo kwanza anapeleka glasi puani. Akasimama hapo hapo. Akanusa glasi, akakunja uso. Akanusa hewa, uso ukakunjuka. Akanusa glasi tena. Ungesema ni mtu anayesikia sauti ya mwanawe nyumba ya jirani huku kitandani kwa mwanawe kuna mtu mwingine. Akaonja, akarudisha ndani ya glasi bila aibu.

"Huu si wangu," alisema.

"Anasema safari imeuchosha," Ilunga alisema haraka.

Laoban Ou naye alikuwa ameonja. Alitoa ulimi nje kidogo, akaufuta kwa kitambaa, akasema neno moja refu la Kikantoni.

"Anasema ni maji ya kuchemshia viatu vya zamani," Muthoni alitafsiri, "na hiyo kazi anaijua."

Marlène hakungoja kutafsiriwa chochote. "Hiki kitu kimepikwa," alimwambia Ilunga. "Kimelala juu ya jiko miaka mingi. Ni mzoga. Aliyekiweka hivi afungwe. Sijui ni takataka ya wapi, lakini haikutoka kwangu!"

Bosi, kwa upande wake, alikuwa ameshanyoosha mkono kuita soda. Ikaletwa. Akaimimina kwenye glasi, juu ya zawadi ya bwana wa ghala, mpaka ikafurika ukingoni. Akaonja, akatikisa kichwa kwamba hata hivyo haifai, akaisukuma mbali.

Hapo Ilunga alipaswa kunyamaza. Mtoto mdogo angejua kunyamaza. Kibali chake kilikuwa kimekaa palepale mezani, kati ya kuku na chupa, kinamwangalia. Lakini dharau ya miaka yote ile ilipanda kama maziwa kwenye sufuria, ikapita moyo, ikapita kooni.

"Takataka?" alipiga meza. "Takataka? Hii ni Bordeaux!"

Kati ya yote yaliyosemwa usiku ule, neno hilo ndilo pekee ambalo halikuhitaji mkalimani. Marlène alilisikia. Muthoni alilisikia. Laoban Ou, mwenye kabati zima la neno hilo sebuleni kwake, alilisikia vizuri kuliko wote. Wote watatu wakaigeukia ile chupa fupi ya Jura, halafu wakamgeukia Ilunga.

"Papa Ilunga," Muthoni alisema kwa sauti ndogo, "Bordeaux imeingiaje kwenye chupa ya huyu mama?"

Ilunga akaangalia dari.

Laoban Ou alichukua vijiti, akatia kipande cha kuku mdomoni, pengine ili kuondoa ladha ile. Akatafuna mara ya kwanza kwa haraka, ya pili kwa polepole, kisha akaacha kutafuna kabisa, akafumba macho. Alipoyafumbua akapaza sauti kumwita mpishi. Mpishi akaja anafuta mikono, akahojiwa, akajibu kwa furaha ya mtu asiye na la kuficha, akamwonyesha Ilunga kwa kidole kizima.

"Anauliza amemtilia nini huyu kuku," Muthoni alitafsiri, na sasa kila neno alilitafuna. "Mpishi anasema: pombe ya njano. Kama ile yetu ya mchele, lakini ya kifalme. Anasema aliletewa na yule mgeni mrefu, kwenye chupa fupi, akaambiwa amwage yote. Anauliza kama kuna nyingine."

"Amesema nini?" Marlène aliuliza.

Ilunga akajimiminia chai.

Marlène hakuuliza tena. Alivuta sahani, akala kipande, na machozi yakamtoka huku anacheka, jambo ambalo Ilunga aliliona la kishamba. "Ni kuku wa mama," alisema. "Kuku na uyoga na mvinyo wa njano. Kwetu ndiyo sikukuu yenyewe. Ni nani aliyewafundisha watu hawa?" Kisha kicheko kikaisha, akaweka uma chini, na akaanza kumsemesha Ilunga. Alisema kwa muda mrefu. Sauti ya kuita ng'ombe ikarudi, madirisha yakaijibu, wahudumu wakachungulia mlangoni.

Alipomaliza, Laoban Ou akamwangalia Muthoni. Muthoni akamwangalia Ilunga.

"Anasema amesikitika kidogo," Ilunga alisema.

"Kidogo!" Muthoni alipiga paja. "Huyo mama ameongea mpaka chai imepoa!"

Alimwambia bosi hivyo hivyo. Bosi akachezesha vijiti vyake, akafikiri, akatoa maneno machache ya biashara.

"Sikiliza sana," Muthoni alisema. "Amesema mvinyo wa huyu mama anautaka wote, pipa kwa pipa, wa glasi na wa sufuria. Ya kwamba hajaonja kitu cha Ulaya kikamkumbusha jiko la nyanya yake mpaka leo. Lakini huyu mama ana Kifaransa tu, na mimi sina, na hao wakalimani wa skafu hawaamini. Kwa hivyo anahitaji mdomo. Pua hataki tena, pua ipeleke nyumbani. Amesema kule kiwandani, msimamizi akiongea marefu na fundi akisikia mafupi, kiatu kinatoka na kisigino kimoja. Basi utafsiri yote ambayo mama amekwambia. Yote. Ukimaliza bila kuacha kitu, una kibali. Ukiacha, una ndege."

"Na atajuaje kama nimeacha? Hajui Kifaransa, hajui Kiswahili."

Muthoni akauliza. Bosi akajibu bila kuinua macho kutoka kwa kuku.

"Amesema atakuangalia uso. Akiona huoni aibu, umeacha."

Ilunga alikunywa chai baridi. Akaona uwanja wa Baiyun. Akaona kiti kipya. Aliwahi kuwadharau watu kwa mengi, lakini hajawahi kufikiri kwamba dharau nayo inaweza kutafsiriwa, na kwamba mkalimani atakuwa yeye.

"Anasema," alianza, "anasema mvinyo ule waliukamua yeye na baba yake. Baba yake alikufa utando ukiwa bado juu, hakuuonja. Ile ilikuwa chupa ya mwisho aliyosafiri nayo."

Muthoni aliacha kucheka. Akatafsiri. Bosi akaweka vijiti chini.

"Endelea."

"Anasema katika maisha yake ameona konokono wakimaliza majani ya mizabibu. Ameona mvua ya mawe ikipiga shamba zima siku moja kabla ya kuvuna. Ameona nguruwe wa porini. Lakini mududu muharibifu kama huyu..." Ilunga aligusa tai yake. "Mududu muharibifu kama huyu aliyevaa tai, hajapata kumuona."

Muthoni alitafsiri kwa madaha, na kwenye tai akaongeza mkono.

"Anasema muosha mapipa akijiita mwenye kasri ni kama panya wa kanisani akijiita padri."

"Ulimwambia uliosha mapipa?"

"Ameona mikono yangu nikishika chupa. Anasema muosha pipa anajulikana, anashika chupa kama ufagio. Tafsiri, mama, usiniulize."

Akaendelea. Kulikuwa na jambo la punda, kulikuwa na jambo la kijiji kizima cha Jura ambacho kikisikia habari hii kitapiga kengele. Ilunga hakuacha hata moja. Na ajabu ni kwamba alipofika kwenye punda, Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka, sauti imetulia, na pua, kwa mara ya kwanza tangu aingie China, ilikuwa imeelekea chini kama za watu wengine. Jasho lilimtoka likaingia kwenye kola. Laoban Ou alikuwa hamwachi kwa macho. Mwisho akapiga meza kwa kiganja.

"Hao," alisema, yaani vyema. Kisha akaongeza neno.

"Kibali unacho," Muthoni alitafsiri. "Unaanza Jumatatu. Lakini glasi hugusi, ya mtu yeyote, hata ya maji."

Marlène alitaka kujua wamesema nini, na Ilunga akamwambia, neno kwa neno, hata lile la glasi. Mama yule akamtazama muda mrefu. Halafu akafanya kitu ambacho kwao hufanyiwa mtu wa mezani hata akiwa mpumbavu: akamchagulia paja la kuku, lile nono, akalimwagia mchuzi wa njano, akaliweka kwenye bakuli lake. Ilunga alikuwa hajamgusa kuku yule jioni nzima.

Wote watatu wakamtazama. Akatia mdomoni.

Jozi zilikuwemo, na tufaha kavu, na bizari, na kabati la bibi. Lakini sasa kabati lilikuwa limefunguliwa na bibi mwenyewe yumo ndani, mzima, anauliza kama umekula. Misimu miwili ya Bordeaux haikuwahi kumpa kitu kama hicho, wala hakuna kasri lililowahi kumkaribisha mezani. Alitafuna mpaka kukabaki mfupa. Akaunyonya mfupa.

"Enhe?" Muthoni aliuliza. "Wanataka kujua unasemaje."

Ilunga alijifuta midomo. Pua ikaanza kupanda, kidogo kidogo.

"Chumvi imepungua," alisema.

"Hiyo nayo niitafsiri?"

Ilunga alikuwa ameshikilia ukingo wa ile sinia ya kuzunguka, anaizungusha taratibu, ili kuku amfikie tena.